Mwalimu Uliyemkataa, Tata

Tata,

Sasa hivi Koku amesema "sijui."

Tumekaa hapa nyuma ya nyumba, yeye anapukuchua maharage, nikamtupia swali la ghafla kama ulivyokuwa ukimtupia wewe. Nikamwuliza: "Madebe matano ya kahawa ya maganda, tukienda kukoboa tunarudi na mangapi?" Mjukuu wako akanyanyua uso, akasema, "Sijui, mama. Hiyo kahawa imekauka au bado?" Halafu akaendelea na maharage yake kama mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Nikaingia ndani kuchukua karatasi.

Uliponitoa shule nilipomaliza darasa la tatu ulisema msichana akijua kuandika barua inatosha. Basi, Tata, barua ndiyo hii. Ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika inakuja kwako wewe uliyelala pale nyuma ya migomba, na wala sikuianza ili nikusifu. Kukusifu wamekusifu wengi siku ile tuliyokuzika: padre, balozi wa nyumba kumi, mpaka yule jirani mliyegombania mpaka miaka yote. Mimi nilikaa kimya na wanawake wenzangu. Nimekaa kimya tangu siku hiyo na leo nimechoka.

Kwanza nikupe habari usiyoijua. Koku hakufaulu.

Najua umesikia vibaya, nirudie. Jina la Koku halikuwamo. Mwalimu mkuu aliyasoma majina ya watakaokwenda darasa la tano, watoto wamepanga mstari mbele ya shule, wazazi tumesimama nyuma. Alipomaliza akakunja karatasi. Koku alibaki amesimama peke yake mstarini, wenzake wameshatawanyika, wengine wanaruka, wengine wanalia. Nikamfuata nikamshika mkono. Akaniambia, "Ngoja, mama, labda amegeuza ukurasa." Karatasi ilikuwa moja, Tata. Haikuwa na ukurasa wa kugeuza.

Wewe ulikufa ukijua amefaulu. Uliwaambia watu wote waliokuja kukujulia hali: "Mjukuu wangu anakwenda shule ya kati, na akitoka huko hatashika jembe." Kifua kinakubana na bado unawaambia. Siku ile ya mtihani alirudi anakimbia, akakurukia pale kwenye kiti chako, "Babu, nimemaliza wa kwanza! Wenzangu wote nimewaacha wanaandika!" Ukachinja jogoo. Ukanituma nikuletee rubisi, ukanywa na Katekista Klementi mpaka mkaanza kuimba. Mimi nilikuwa jikoni nanyonyoa yule jogoo, na moyo wangu haukutulia. Nilijiuliza, mtoto anamalizaje wa kwanza? Koku huyu, ambaye hata kula ni wa mwisho?

Sikusema. Hilo nitalirudia, maana kosa langu ni hilo na sitaki kukubebesha wewe yote.

Unakumbuka siku uliyochagua mwalimu? Mimi naikumbuka kila kitu. Mwaka ulikuwa umeanza, Koku ameingia darasa la nne, na mwalimu wao alikuwa na watoto wengi mpaka wengine wanakaa dirishani. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, "Huyu atafutiwe mtu wa kumfundisha peke yake hapa nyumbani, jioni." Nililia kwa furaha siku hiyo, hukuniona. Mimi hukunitafutia mtu. Lakini kwa mwanangu ulifikiri, nikasema moyoni, basi, deni limekwisha, nimemsamehe.

Ukawaita watatu waje Jumapili moja, kama vile wanakuja kuposa. Ndivyo ulivyojua wewe kupima mtu. Mshenga anapimwa hivyo, mkwe anapimwa hivyo, ukaona na mwalimu apimwe hivyo hivyo. Ukakaa kwenye kiti chako, kaka Evarista mkono wako wa kulia, mimi na Koku kwenye nyasi chini karibu na mlango. Ukapitisha kikasha cha akamwani ili utazame nani anatafunaje kahawa.

Wa kwanza yule kijana karani wa chama cha ushirika, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitafuna punje moja akakunja uso, akauliza kama hakuna chai. Alipoondoka ukasema, "Huyu atamfundisha mwanangu kunywa chai." Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka.

Wa pili Katekista Klementi. Huyo aliijua njia. Kabla hajakaa alitaja ukoo wake na mwiko wake, akataja babu yake na baba wa babu yake, akakumbusha kwamba mama yako na shangazi yake walibatizwa siku moja. Rubisi alipokea kwa mikono miwili. Akamwita Koku mbele, akamwuliza, "Nani amekuumba?" Koku akajibu. Akamwuliza lingine, akajibu. Ukatikisa kichwa kwa raha. Ulimtazama Klementi na Koku hukumtazama. Mimi nilimtazama. Alikuwa anajibu huku anaangalia kuku.

Wa tatu Mwalimu Damari, mke wa mwinjilisti wa Kilutheri kule ng'ambo ya bonde. Sijui ni nani aliyekutajia. Nadhani ni kwa sababu kila mtu hapa Buganguzi alijua kwamba alifundisha Bukoba mjini miaka mingi kabla ya kuja kukaa huku. Aliingia, akasimama mbele yako, akanyoosha mkono, akasalimia, "Kasinge, waitu," akiwa wima. Wima, Tata, mwanamke, mbele ya mzee aliyeketi. Nyumba ikawa baridi. Evarista akakohoa. Ukapokea mkono kwa ncha za vidole. Ukampa rubisi akakataa kwa adabu, akaomba maji. Halafu badala ya kukutajia ukoo wake akamgeukia Koku kwenye nyasi, akamwuliza, "Wewe, kitu gani darasani kinakushinda?"

Alipotoka hukungoja hata afike njia kuu. "Mwanamke asiyejua kupiga goti atamfundisha mtoto nini? Kusimama? Kusimama Koku anajua." Evarista akaongeza, "Halafu Mlutheri." Ukasema, "Klementi. Nimekwisha sema."

Na ukishasema "nimekwisha sema," nani atafungua mdomo?

Sasa sikiliza. Goti la Mwalimu Damari ni bovu, Tata. Nililijua tangu kabla. Mwaka uliotangulia tulikaa naye benchi moja zahanati, mimi na Koku mwenye homa, yeye na goti limevimba kama boga, mganga analikanda maji ya moto na yeye anauma kanga asipige kelele. Hawezi kulikunja. Kanisani kwao anasali amesimama. Kupanda tu mlima kuja kwako kulimchukua mchana mzima, na aliporudi alishuka kinyumenyume akishika migomba. Nilimwona kutoka mlangoni. Wewe ulikuwa umeshageuza uso.

Nilikuwa nimekaa pale chini, hatua tatu kutoka miguuni pako. Neno moja tu, "Tata, anaumwa." Sikulisema. Ningelisema mbele ya Evarista, ningeonekana mtoto wa kike aliyeshindwa kwa mume anakuja kumsahihisha baba kwenye nyumba anayofadhiliwa. Hivyo nilifikiri. Nikayameza maneno, na mwanangu ndiye aliyekwenda kuyatapika kwenye mtihani.

Ulikuwa mwema kwangu, usije ukadhani nimesahau. Mume wangu alipokwenda Kampala akanyamaza mwaka, na wa pili, nikaja hapa na Koku mgongoni na sufuria kichwani, hukuniuliza kitu. Ulisema tu, "Mpisheni mtoto apite." Ulimfundisha Koku kuvuna kahawa nyekundu akaiacha ya kijani. Senene za kwanza kila mwaka ulimpa yeye kabla ya wanaume, na wanaume wakanuna. Jioni ulikuwa unaivunja ndizi ya kuchoma katikati, unapuliza nusu yake mpaka ipoe. Ndiyo maana nina uchungu hivi. Mtu asiyetupenda angetukosea ingekuwa rahisi.

Basi Klementi akaanza. Jumatatu na Alhamisi, pale kibarazani, wewe kitini unasikiliza. Alikuwa amepata mahali fulani karatasi ya mtihani wa zamani, akainakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Akamfundisha hesabu kama anavyofundisha katekisimu: swali, jibu, swali, jibu, kwa mpango wake, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Akikosea anafinywa sikio, akisema "sijui" anafinywa mara mbili. "Mkristo hasemi sijui," alikuwa anamwambia. Mwezi wa tatu Koku alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. "Mkulima ana..." "Machungwa kumi na mawili!" Ulipiga mapaja, Tata, ukacheka mpaka machozi. Ukawaita majirani waje wasikie. Balozi alikuja, akasema taifa linahitaji vichwa kama hivi. Na mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikajivuna. Ndiyo, na mimi. Nilimwona mwanangu anasifiwa na wanaume nikasahau goti la mtu.

Siku majina yaliposomwa nilimngoja alie amalize. Nikamwambia, nieleze mlichoulizwa. Akasimama pale jikoni, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akanisomea: "La kwanza, machungwa kumi na mawili. La pili, saa nane na robo. La tatu, mto Kagera." Akaenda hivyo mpaka mwisho bila kupumua. Nikamwuliza, "Na swali la kwanza lenyewe lilisemaje?"

Akasema, "Sikulisoma, mama. Katekista alisema anayesoma swali anachelewa."

Tata. Alipewa maswali mapya akaandika majibu ya zamani, yote, kwa mpango wake, kwa mwandiko mzuri, akaweka kalamu chini akatoka wa kwanza.

Nilikwenda kwa Klementi. Sikwenda kugombana, nilitaka tu anitazame machoni. Alikuwa anapanga viti kanisani. Akaniambia, "Paskazia, mtoto hana kosa na mimi sina kosa. Mtihani ndio uliokosea. Haukufuata utaratibu." Alisema hivyo kwa dhati kabisa, masikini, kama mtu aliyetapeliwa. Nilipotoka nilicheka njiani peke yangu, kisha nikaketi ukingoni mwa barabara nikalia, wanawake wanapita na madumu wananipa pole wakidhani ni kwa ajili yako.

Na labda ilikuwa kwa ajili yako. Sijui kutenganisha.

Mwalimu mkuu ni mtu wa huruma. Alinipa nafasi moja: Koku arudie darasa la nne, mwaka huu tu, na hakuna mwingine baada ya huo. Akishindwa tena, tena hakuna. Atabaki na jembe, na mimi, na kujua kuandika barua.

Nilipofika na habari hiyo, Evarista alikuwa ameshakaa kwenye kiti chako. Ameshakuwa mrithi, kikao cha ukoo kimempa kibanja, nyumba na migomba yake, sawa, ni haki yake. Akasema, "Vizuri. Klementi ataendelea naye. Ni neno la Tata." Na kweli ni neno lako. Siku mbili kabla hujatutoka ulimshika mkono ukasema mbele yangu, "Klementi amfikishe mtoto. Nimekwisha sema." Pumzi yenyewe huna, lakini ya kusema hilo uliipata. Nilikuwa nakushikia kikombe. Ungeniuliza mimi, Tata! Mara moja tu katika maisha yako, ungegeuza kichwa kidogo tu upande wa kikombe!

Nilichukua jembe kama mtu anayekwenda shamba, nikamshika Koku mkono, tukateremka bondeni tukapanda ng'ambo.

Mwalimu Damari alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha mbele, anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti yote mawili kwenye udongo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya marehemu baba yangu, na kwa niaba yangu mwenyewe niliyejua nikanyamaza. "Inuka, mama Koku. Mimi si askofu."

Nikamwuliza kwa nini siku ile hakukuambia habari ya goti. Akasema, "Nilikuja kuonyesha kazi, sikuja kuonyesha ugonjwa. Baba yako angeniuliza kazi ningemjibu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa kokoto kwenye maharage.

Sasa utacheka, Tata. Na mimi nilimpima. Sikumpokea hivi hivi kwa sababu ya kuona haya. Nilikwenda nimekwisha amua kwamba safari hii nitapima kwa njia yangu: sitamtazama mwalimu, nitatazama uso wa mtoto. Nikamwomba, "Mfundishe kitu kimoja tu hapa hapa mbele yangu." Akaangaza macho, akachukua kichane cha ndizi za sukari kilichokuwa juu ya kuni, akampa Koku. "Hizi ni zetu wanne: wewe, mama, mimi na mzee wangu akirudi. Tugawie sawasawa."

Koku bila kuangalia akasema, "Kumi na mbili."

Mwalimu Damari akauliza, "Kumi na mbili za nani?"

Koku akatazama ndizi. Machozi yakadondoka juu ya ndizi, na mkono wake ukapanda wenyewe kufunika sikio. Nikataka kuinuka. Mwalimu akanikataza kwa jicho. Hakumbembeleza mtoto, hakumkemea, hakurudia swali. Akaendelea kuchambua maharage, tuk, tuk, kokoto zinaanguka. Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikahama kutoka kwenye ungo kikafika miguuni pangu. Halafu nikaona Koku ameanza kukata ndizi moja moja, anatuwekea: hii yako, hii yako, hii yangu, hii ya mzee. Akarudia. Akarudia tena. Akabaki ameshika mbili. Akakunja uso, ule uso wako hasa, Tata, wa kuangalia mvua inatoka wapi. Akasema polepole, "Tatu tatu. Zimebaki mbili. Sasa hizi mbili tunazifanyaje?"

Mwalimu Damari akaweka ungo chini. "Enhe. Hilo sasa ndilo swali."

Ningekuonyesha uso wa mwanangu saa ile. Sina maneno, darasa langu la tatu halifiki huko.

Tukapatana palepale. Koku anakwenda kwake kila siku akitoka shule, na Jumamosi asubuhi. Yeye peke yake na mwalimu wake. Mimi namlimia mwalimu maharage na kumtekea maji, maana mtoni hawezi kushuka. Hakutaka zaidi. Alitaka neno moja tu: kwamba nyumbani mtoto akisema hajui, asifinywe.

Evarista alipojua alikwenda kushtaki kwa balozi. Balozi akavuka bonde mwenyewe, na kofia yake, akamwambia Mwalimu Damari kwamba siku hizi za ujamaa hakuna mwalimu wa mtoto mmoja, huo ni ubinafsi, elimu ni mali ya wote. Mwalimu akamjibu, "Sawa, ndugu balozi. Mlete na wako. Lakini mimi nafundisha mmoja mmoja. Wa pili atapukuchua maharage mpaka zamu yake ifike." Juma lililofuata balozi akamleta binti yake. Anapukuchua vizuri sana.

Lakini Evarista hakucheka. Aliniita akaniambia, na sauti alitafuta iwe kama yako, "Anayevunja neno la marehemu hawezi kulala kwenye kibanja cha marehemu." Nikamwambia neno la marehemu lilimfelisha mtoto. Akaniambia nimemtukana baba kaburini. Wifi alikuwa anasikiliza. Jioni akaniletea chumvi ambayo sikuiomba, akanong'ona, "Usiache." Basi. Hakusema lingine, akarudi kwake.

Leo ni Jumapili, wazee wa ukoo wamekuja baada ya misa. Wamo ndani sasa hivi, nasikia wanakohoa. Wakisema nitoke, nitatoka. Mwalimu Damari ameniambia jiko lake lina nafasi ya mkeka mmoja. Lakini nikitoka nakuacha wewe, Tata. Nitakuwa mgeni nikija kung'oa majani juu yako, nitabisha hodi ili nije kukusalimia. Na Koku aliyezaliwa mwezi mmoja na ile migomba uliyompandia, ataichungulia kutoka njiani.

Nimelipima hilo pia. Nimelipima siku nyingi, na kila siku linakuwa zito vilevile, na kila siku Koku anarudi kutoka ng'ambo na swali jipya. Juzi ameniuliza kwa nini kahawa ni yetu na bei ni ya watu wengine. Nikamwambia, "Sijui." Ningeweza kumfinya, ndiyo njia fupi.

Nimekukasirikia, Tata. Sijui hasira hii itakwisha lini, na sitakudanganya kwamba imekwisha kwa kuwa nimeandika. Ulikuwa na macho ya kuona mvua ikiwa bado Kimwani, na mwanamke anayeumwa mbele yako hukumwona. Na mwanao wa kike hukumwona, miaka yote. Lakini wewe ndiye wa kwanza kusema Koku atafutiwe mtu wake peke yake. Wazo lilikuwa lako. Nalishika hilo, nimeacha mengine.

Koku anakusalimu. Hajui nakuandikia, anadhani naandika majina ya watu waliotupa pole.

Wifi yuko mlangoni. Anasema kahawa imeshapita, wazee wamemaliza kusalimiana, Evarista ameshasema yake, naitwa. Lala salama, Tata wangu, udongo usikulemee. Ninakuahidi jambo moja, na hili ndilo ninalokwenda nalo ndani: wakiniuliza nani alinipa ruhusa ya kuchagua, sitainamisha kichwa, nitawaambia mbele ya kiti chako kwamba mimi ni mama yake, ruhusa nimejipa mwenyewe.